Kikohozi kisichoisha: je, ni pumu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kwenye benchi la kusubiri na dirisha la dawa, kuanzia Himo mpaka Ngaramtoni. Kama aliye mbele yako sasa hivi anatweta na hawezi kumaliza sentensi, acha mengine yote, nenda swali la 21.

## Mambo ya msingi

1. Kikohozi cha siku ngapi ndicho cha kutilia shaka?

Kikohozi cha mafua ya kawaida huchukua wiki mbili, wakati mwingine tatu, kisha hujiondokea. Kwa hesabu ya madaktari, kikohozi sugu ni kile kilichopitisha wiki 8 kwa mtu mzima au wiki 4 kwa mtoto. Hapa kwetu usisubiri zote hizo. Wiki 2 zinatosha kwenda kupimwa kifua kikuu (swali la 6).

Kuna kikohozi ambacho hesabu hiyo haikinasi. Kinakaa siku kumi, kinapotea mwezi, kinarudi, kinapotea tena. Kila kipindi ukikitazama peke yake utasema ni mafua. Ukikaa na mama wa mtoto mkahesabu kwa miezi, mnakuta kwa mwaka mzima amekohoa miezi mitano. Huyo ndiye wa kufikiriwa pumu mapema, na ndiye anayekosewa zaidi, kwa sababu kila akifika zahanati anaandikwa upya kana kwamba hajawahi kukohoa.

2. Mbona kifua chake hakipigi filimbi? Mwenye pumu si lazima atwete?

Si lazima. Kwenye pumu, njia za hewa zimevimba kwa ndani na hazivumilii uchokozi. Misuli inayozizunguka hujikaza kwa jambo dogo. Zikibana sana, hewa hupita kwa mluzi. Zikibana kidogo tu, kinachoamka ni neva za kikohozi, na mtu anakohoa bila mluzi wowote. Kuna watu ambao dalili yao pekee ni kikohozi kikavu. Madaktari huiita pumu ya kikohozi, na baadhi yao wasipotibiwa huanza kubanwa na kupiga filimbi baadaye.

Daktari akikusikiliza kifua akasema kiko kimya, hilo halifuti pumu. Njia za hewa zinaweza kuwa wazi saa 4 asubuhi ukiwa kliniki, na zilikuwa zimebana saa 9 usiku ukiwa kitandani. Mrekodi mgonjwa kwa simu usiku, dakika moja inatosha, simu ikiwa karibu na mdomo na televisheni imezimwa. Rekodi hiyo inamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

3. Nitatofautishaje kikohozi cha pumu na vikohozi vingine?

Watu wengi hufika wakiigiza mlio: "kinatoka hivi, kama cha mbwa." Mlio hausemi mengi. Linalosema ni saa na sababu: kinakuja lini, baada ya nini, na kinaondokaje.

Chukua mtoto wa darasa la pili. Amelala saa 2 usiku vizuri. Saa 8 anaanza, kikavu, kimoja baada ya kingine, anaamka na kukaa kitandani ameinamisha mabega. Baada ya dakika ishirini anatema kitu kidogo, cheupe, kinachovutika kama ute wa yai bichi. Analala. Asubuhi anakwenda shule hana homa, anacheka. Mchana akifukuzana na wenzake haanzi kukohoa katikati ya mbio. Anaanza dakika tano au kumi baada ya kusimama. Siku mama anapowasha kuni mbichi, kinamshika tena. Na ukiuliza vizuri, mtoto alikuwa na ukurutu utotoni, au baba yake hupiga chafya kumi kila asubuhi. Huu ni mchoro wa pumu, ingawa hakuna filimbi iliyosikika.

Sasa weka kando vingine. Kifua kikuu hakina mapumziko: kikohozi kipo mchana na usiku, wiki hii zaidi ya iliyopita, na kinakuja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, wakati mwingine damu. Kikohozi cha asidi ya tumbo humshika mtu akishiba, akiinama au akijilaza, mdomo una uchachu. Cha mafua ya mzio kinatoka nyuma ya pua: mtu anasafisha koo muda wote kuliko anavyokohoa. Mvutaji wa sigara wa muda mrefu, au bibi aliyepika kwa kuni miaka arobaini, hutoa makohozi mengi asubuhi na hana mwezi ambao kifua kiko safi kabisa. Mzee anayekohoa akilala chali, anapumzika akiegemea mito mitatu, na miguu imevimba, huyo apimwe moyo.

Rangi ya makohozi isikudanganye. Hata pumu bila maambukizi yoyote inaweza kutoa makohozi ya manjano. Na mtu mmoja anaweza kuwa na viwili: pumu na mzio wa pua hutembea pamoja mara nyingi, na mwenye pumu naye hupata kifua kikuu kama mtu mwingine.

4. Kwa nini kinazidi usiku na alfajiri?

Mwili hupunguza homoni zake za kutuliza uvimbe usiku, na njia za hewa huwa nyembamba kuliko wakati wowote kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri. Ongeza baridi ya alfajiri ya Juni na Julai, vumbi la godoro, na ute wa pua unaoteremka ukilala. Kuamshwa na kikohozi saa hizo, hata mara moja kwa wiki, ni taarifa ya kumpa daktari. Wengi hawaitaji kwa sababu asubuhi wanakuwa wazima.

5. Pumu inaambukiza? Tutenge vikombe?

Haiambukizi kwa kikombe, kitanda wala pumzi. Familia moja huwa na wagonjwa wawili au watatu kwa sababu ya urithi, na kwa sababu wanavuta moshi wa jiko moja.

## Kifua kikuu kwanza

6. Nimekohoa wiki tatu. Nianze na kipimo cha TB au cha pumu?

TB. Sababu si kwamba uwezekano wake ni mkubwa kuliko wa pumu. Ni kwamba ukikosea upande huo unaambukiza nyumba nzima, na baadhi ya dawa za pumu, hasa vidonge vya prednisolone, humpa nafuu ya siku chache hata mwenye TB, ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Antibiotiki za jamii ya levofloxacin nazo huchelewesha TB kugundulika, kwa hiyo usizinunue dukani "kujaribu".

Kipimo ni makohozi, si mate. Piga mswaki au sukutua kwa maji matupu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka chini ya kifua, tema kwenye kikopo ulichopewa. Yatoe nje penye hewa, si chumbani penye watu. Mate meupe mepesi yenye povu yanarudisha jibu lisiloaminika. Vituo vya serikali hupima na kutibu TB bure, na wengi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo huonyesha pia kama mdudu ni sugu kwa rifampicin, dawa kuu ya TB. Mgonjwa mwenye TB sugu huangaliwa Kibong'oto, kule Siha. Kubali pia kipimo cha VVU siku hiyo hiyo; jibu lake hubadilisha orodha nzima ya magonjwa ya kutafuta.

7. Makohozi safi, picha ya kifua safi, na bado nakohoa. Wanasema sina kitu.

"Huna kitu" maana yake huna kitu kwenye picha. Picha ya mwenye pumu mara nyingi ni safi kabisa. Hapo ndipo pa kuuliza kwa maneno haya haya: "Naomba nipimwe pumu kwa kipimo cha kupuliza." Wengi huishia mlango wa TB, wakipewa dawa ya maji na kurudishwa nyumbani.

## Vipimo

8. Wanapimaje pumu? Kwa damu?

Hakuna kipimo cha damu kinachosema una pumu. Kipimo chake ni kupuliza kwenye spirometa, na hospitali kubwa za rufaa ndiko pa kuulizia. Unajaza kifua hewa mpaka mwisho, unafunga midomo kwenye bomba, unapuliza kwa nguvu zako zote na kuendelea bila kukata hadi mapafu yaishe. Unarudia angalau mara tatu. Kisha unapewa salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, mipulizo 2 hadi 4, unasubiri dakika 10 hadi 15, unapuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 au zaidi na mililita 200 au zaidi, njia zako zilikuwa zimebana na dawa imezifungua. Mfano: lita 2.0 kabla, lita 2.3 baada, ni asilimia 15 na mililita 300.

Kinachoharibu kipimo ni kuona aibu kupuliza kwa nguvu mbele ya watu, midomo kuvujisha hewa, na kuwa umevuta salbutamol ndani ya saa nne kabla. Jambo la kujua: siku usiyokuwa na dalili, kipimo kinaweza kutoka sawa kabisa nawe una pumu. Nenda wakati unakohoa.

9. Zahanati yetu haina spirometa. Ndiyo basi?

Hapana. Kuna mita ndogo ya plastiki ya kupima kasi ya pumzi, isiyotumia umeme, yenye mshale unaosogea ukipuliza. Simama, rudisha mshale sifuri, vuta hewa yote, puliza mara moja kwa ghafla kama unazima mshumaa ulio mbali. Fanya mara tatu, andika namba kubwa. Usitafute wastani wa hizo tatu.

Fanya hivyo asubuhi ukiamka na jioni, siku 14, kabla ya kuvuta dawa yoyote. Halafu kila siku piga hesabu hii: toa namba ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa wastani wa hizo mbili. Asubuhi 310, jioni 390: tofauti 80, wastani 350, jibu ni kama asilimia 23. Wastani wa siku zote ukizidi asilimia 10 kwa mtu mzima, au 13 kwa mtoto, pumzi yake inayumba kwa kiwango cha pumu. Ukishindwa hesabu, mpelekee daktari daftari lenye namba, atafanya yeye. Pembeni ya kila namba andika uliamshwa na kikohozi mara ngapi, na siku hiyo kulikuwa na nini: moshi, mbio, mafua, kufagia stoo.

10. Nilipewa inhela (kifaa cha kuvutia dawa) ya kujaribu na kikohozi kikaisha. Basi ni pumu?

Huenda, ila siyo lazima. Kikohozi cha pumu hupungua chenyewe pia, kwa hiyo nafuu ya wiki moja haithibitishi. Jaribio linalosema kitu ni la dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wiki 4 hadi 8, ukiandika daftari la swali la 9, kisha daktari kuangalia kinachotokea dawa ikipunguzwa. Kikirudi na kuondoka tena kwa dawa ile ile, jibu limekaa vizuri.

## Kinachokiamsha hapa kwetu

11. Ni vitu gani hasa Moshi na Arusha?

Moshi wa jikoni ndio wa kwanza, na unasahaulika kwa sababu umezoeleka. Jiko la mafiga ndani ya chumba chenye dirisha moja dogo, kuni mbichi au magunzi, na mtoto mgongoni mwa mama: huyo mtoto anavuta moshi saa tatu kwa siku. Kuni zilizokaushwa miezi kadhaa juani hutoa moshi mchache zaidi. Kuhamishia jiko kwenye banda lililo wazi pande mbili kunasaidia kuliko kubadili aina ya jiko ndani ya chumba kile kile. Mkaa hauna moshi mwingi, lakini usilale nao chumbani kwa ajili ya joto. Hewa yake huua kimya kimya. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani vina uchokozi ule ule.

Baridi ya Juni hadi Agosti ni ya pili, hasa Arusha na miteremkoni Kibosho, Machame na Marangu. Hewa baridi yenyewe hukaza njia za hewa, na ndio msimu wa mafua, ambayo kwa watoto ndiyo hufungulia vipindi vingi vya pumu. Januari na Februari zamu inakuwa ya vumbi la tambarare. Anayeendesha bodaboda barabara za udongo afunge kitambaa, na afahamu kwamba kitambaa huzuia vumbi kubwa tu. Kusini mwa Moshi, miwa inapochomwa kabla ya kuvunwa, jivu jeusi huanguka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Siku hizo funga madirisha, na mwenye pumu aache kukimbia nje.

Ndani ya nyumba kuna utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho anayekaa kwenye godoro, mito na blanketi, na hupenda joto na unyevu. Mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi 60 hivi. Godoro lifunikwe plastiki au lianikwe jua kali. Mende nao huacha kinyesi kinachochokoza. Ng'ombe au mbuzi wanaolala chini ya paa moja na watu, kama bado, watafutiwe banda lao. Mtu mwenye pumu asifagie kavu. Nyunyiza maji kwanza, au mwingine afagie naye awe nje.

12. Ni jakaranda! Kila Oktoba zikichanua nakohoa.

Jakaranda inabebeshwa lawama kwa sababu inaonekana. Chavua yake ni nzito na hubebwa na wadudu, haipeperuki sana. Katika majira hayo hayo kuna vumbi la mwisho wa kiangazi, na mvua za vuli zikianza nyasi hutoa chavua nyepesi inayosafiri na upepo. Usikate mti kabla ya daftari kukuonyesha.

13. Nakohoa nikiwa kazini tu. Nifikirie nini?

Fikiria likizo. Kikohozi kikipungua Jumapili na kuisha ukikaa nyumbani wiki mbili, kisha kikirudi siku ya tatu ya kazi, chanzo kiko kazini. Vumbi la kahawa kavu kwenye kukoboa na kupanga madaraja, unga wa mashine ya kusaga, vumbi la mbao, dawa za kunyunyizia kwenye mashamba ya maua, rangi za kupulizia magari: vyote vinajulikana. Pima pumzi (swali la 9) siku za kazi na siku za mapumziko, kwa daftari moja. Ukiacha mapema, kifua kinaweza kupona. Ukiendelea miaka, pumu inabaki hata ukihama kazi.

## Watoto

14. Mtoto wa miaka miwili anakohoa kila baridi ikija. Ana pumu?

Chini ya miaka mitano hawezi kupuliza kipimo vizuri, na watoto wengi wa umri huo hukohoa na kupiga filimbi wakipata mafua kisha huachana nayo wakikua. Kinachoongeza uzito ni haya: anakohoa usiku hata akiwa hana mafua, anakohoa akicheka, akilia au akikimbia, ana ukurutu, na mama au baba ana pumu. Hapo daktari anaweza kumpa dawa ya kuvuta kwa miezi miwili mitatu ya majaribio. Anayekohoa makohozi mazito kila siku, asiyeongezeka uzito, au aliyeanza kukohoa tangu kuzaliwa, asiitwe wa pumu kabla hajachunguzwa zaidi.

15. Bibi anasema kimeo ni kirefu, kikatwe. Tukubali?

Msikubali. Kimeo ni kinyama kilichoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho, na mtoto anayekohoa sana huwa nacho chekundu na kimevimba kidogo kwa sababu ya kukohoa. Kukikata hakugusi njia za hewa zilizo kifuani. Watoto hufika hospitali wakivuja damu, au na usaha kooni, na kisu kisicho safi huleta pepopunda na VVU.

Bibi atasema kaka yake mkubwa alikatwa akapona. Huenda kweli alinyamaza. Mtoto hupelekwa kwa mkataji kikohozi kikiwa kwenye kilele, na kikohozi cha pumu baada ya kilele hushuka chenyewe, kisu kiwepo kisiwepo. Mwambie hivyo kwa heshima, kisha muulize kama yule kaka hakukohoa tena baridi iliyofuata.

16. Anakohoa mpaka anatapika. Na mwingine alikuwa mzima, kikaanza ghafla akila karanga.

Hayo ni mawili. Kutapika baada ya kukohoa hutokea kwenye pumu pia, lakini kikohozi cha mfululizo kinachoishia na mvuto mrefu wa hewa wenye sauti, uso ukigeuka mwekundu au wa bluu, kinaelekea kifaduro. Angalia kadi ya chanjo, umpeleke siku hiyo. Mtoto mchanga mwenye kifaduro anaweza kusitisha pumzi bila hata kukohoa.

Kikohozi kilichoanza dakika ile ile mtoto akiwa na karanga, punje ya mahindi au kitufe mdomoni ni kitu kilichoingia njia ya hewa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama baada ya saa moja ametulia. Karanga mara nyingi haionekani kwenye eksirei. Sisitiza siku na saa kilipoanza.

## Dawa na namna ya kuzitumia

17. Nimemaliza dozi tatu za antibiotiki na chupa mbili za dawa ya kikohozi. Kwa nini sipati nafuu?

Kwa sababu antibiotiki huua bakteria, na kwenye pumu hakuna bakteria wa kuua. Dawa za maji za kikohozi hulaza koo au kichwa; uvimbe wa kifuani unabaki. Zile zenye codeine zisitumike kwa watoto. Asali na tangawizi hutuliza koo na hazina ubaya, isipokuwa mtoto chini ya mwaka mmoja: huyo asipewe asali kabisa.

18. Vidonge vya salbutamol si rahisi kuliko inhela? Na inhela si inazoeza mwili?

Kidonge cha miligramu 4 kinazunguka damu yote ili kiasi kidogo kifike kifuani. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unaenda mbio. Mpulizo mmoja una maikrogramu 100, sehemu moja kwa arobaini ya kidonge, na unafika kunakotakiwa ndani ya dakika chache.

Kuhusu mazoea: inhela hailevyi mtu kama pombe. Hofu hiyo imetokana na kuona wagonjwa wakitumia zaidi na zaidi ile ya bluu (salbutamol), na kwa kweli hilo ni la kuogopwa, lakini sababu ni nyingine. Ya bluu hufungua njia kwa saa chache, haitibu uvimbe. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa ya bluu peke yake. Anahitaji pia dawa ya kutuliza uvimbe, kama beclometasone au budesonide. Ukimaliza inhela ya bluu yenye mipulizo 200 kila mwezi, uko hatarini, nenda kliniki.

19. Naivutaje? Mbona naonja dawa mdomoni tu?

Ukiionja sana, imeishia mdomoni. Tikisa. Kama ni mpya au haijatumika wiki nzima, puliza hewani mara mbili. Toa pumzi yote nje, funga midomo, anza kuvuta polepole, bonyeza mara moja tu, endelea kuvuta kwa sekunde tatu hadi tano. Shikilia pumzi ukihesabu kumi. Subiri nusu dakika, tikisa tena, rudia. Kosa la kawaida ni kubonyeza kwanza kisha kuvuta, na la pili ni kuvuta kwa kasi kama mtu aliyeshtuka. Ukivuta ile ya kutuliza uvimbe, sukutua mdomo na uteme, la sivyo utapata utando mweupe ulimini. Kuitumbukiza kwenye maji kuona kama inaelea hakuonyeshi dawa iliyobaki, hesabu mipulizo.

Chemba ya plastiki ya kuunganisha, spesa, inaondoa tatizo la kubonyeza na kuvuta pamoja. Ikikosekana, chukua chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, yeyusha tundu kwenye kitako cha chupa. Inhela iingie kwa kubana. Ikilegea, dawa inatoroka pembeni. Osha chupa kwa maji ya sabuni ya vyombo na uiache ikauke bila kuifuta kwa kitambaa, maana plastiki iliyosuguliwa hunasa dawa ukutani mwake. Mgonjwa anaweka mdomo wa chupa kinywani, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi za kawaida tano au sita. Mpulizo mmoja, pumzi tano, kisha mwingine.

20. Ile ya kutuliza uvimbe nimetumia siku tatu, sijaona kitu. Niache?

Usiache. Uvimbe uliokaa miezi haushuki kwa siku tatu. Wengi huanza kulala vizuri wiki ya kwanza au ya pili. Kikohozi chenyewe kinaweza kuchukua mpaka wiki 8. Zikipita hizo bila nafuu, na uvutaji wako umekaguliwa ukaonekana sawa, rudi: huenda si pumu, au kuna la pili (swali la 3).

21. Lini nisisubiri hata asubuhi?

Hawezi kumaliza sentensi, au mtoto hawezi kunyonya au kunywa. Ngozi kati ya mbavu na juu ya kifua inadidimia ndani kila pumzi. Midomo au kucha ni za bluu au kijivu. Amechanganyikiwa au anasinzia. Kikohozi na filimbi vimekatika ghafla lakini bado anahangaika: hiyo ni ishara mbaya, hewa haipiti. Kwa mtoto aliyetulia, hesabu pumzi dakika nzima: 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi mwaka, 40 au zaidi kuanzia mwaka hadi miaka 5.

Mkalishe wima, asilale. Mpe salbutamol, inhela ya bluu, mipulizo 4 hadi 10 kupitia spesa au chupa (swali la 19), mmoja mmoja, na anza safari. Rudia kila dakika 20 njiani. Usimkandamize kati ya watu wawili kwenye bodaboda kama kuna gari lolote.

## Hali za watu wachache

22. Nimeanza dawa za presha na kikohozi kikaanza.

Soma boksi. Captopril, enalapril na lisinopril husababisha kikohozi kikavu cha kuwasha koo kwa baadhi ya watu, siku chache au hata miezi baada ya kuanza. Usiache mwenyewe, daktari hukubadilishia, na kikohozi huisha ndani ya wiki moja hadi nne, mara chache zaidi. Kinyume chake, propranolol na atenolol, pamoja na matone ya macho ya timolol, zinaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Aspirini, diclofenac na ibuprofen huwafanyia hivyo baadhi yao.

23. Ni mjamzito. Niache inhela?

Endelea nayo. Kinachomdhuru mtoto tumboni ni mama kukosa hewa. Mjulishe muuguzi wa kliniki ya wajawazito dawa unazovuta.

24. Nilichimba Mirerani miaka kadhaa. Kikohozi changu ni pumu?

Kabla ya kuiita pumu, eleza miaka uliyokaa shimoni. Vumbi la mwamba lina silika, ambayo huacha makovu mapafuni na kumfungulia mlango mdudu wa TB, hata miaka baada ya kuacha kazi. Kikohozi hicho hakiji na kuondoka, na pumzi inapungua taratibu kila mwaka ukipanda mlima ule ule. Unahitaji makohozi na eksirei kabla ya inhela.

25. Mimi ni mpagazi. Mlimani nakohoa, nikishuka naacha.

Hewa ya juu ni baridi na kavu, na ukihema kwa mdomo umebeba mzigo, hata asiye na pumu hukohoa. Ukikohoa pia usiku nyumbani au ukicheza mpira, pima kama wengine. La kuogopa ni jingine: siku ya pili hadi ya nne ukiwa juu, unahema ukiwa umekaa, umechoka kupita wenzako, kifua kinachemka, makohozi yana povu la waridi. Hayo ni maji kwenye mapafu. Teremshwa saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Inhela ya bluu haitibu hilo.

Kama una pumu na unapanda, inhela ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Ikipoa sana, inatoa mpulizo dhaifu, na utadhani dawa imeisha nguvu.